Jinsi ya kufundisha kani na momentamu mpaka mwanafunzi aelewe kweli, sio akariri F = ma

Walimu wenzangu wa fizikia, hasa nyie mnaoshika kidato cha pili, hii ni ya kwenu, ila hata kama we ni dada mtu au kaka mtu unamsaidia dogo nyumbani itakufaa tu. Nataka nieleze jinsi ninavyofundisha kani (force, yaani kusukuma au kuvuta) na momentamu (masi ya kitu mara kasi yake), naanzia wapi, natumia vifaa gani na ni wapi wanafunzi wanakwama, kwa sababu hii mada ndo inabeba mekaniki yote inayokuja mbele, na wengi wanaivuka kwa fomula tu. Mwanafunzi anakupigia F = ma (kani ni masi mara mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde) bila shida, anapata 20 N (N ni newton, yuniti ya kani), anaweka yuniti, anapewa tiki yake, alafu we muulize mpira uliorushwa juu ukiwa bado unapanda ni kani zipi zinaufanyia kazi, anakuchorea mshale mkubwa wa kwenda juu anakwambia hiyo ni nguvu ya mkono. Mkono uliishauachia mpira zamani! Huyo hajaelewa, na ile 20 N yake haimsaidii kitu.

Msimamo wangu ni huu: anza na momentamu, alafu kani ije baadae kama kile kitu kinachobadilisha momentamu. Vitabu vingi vinapita njia nyingine, wanaanza na kani, sheria za Newton ya kwanza, ya pili, ya tatu, alafu momentamu inakuja mwishoni kama mgeni aliyechelewa. Mimi nageuza. Na jambo la pili ambalo siliachi hata siku moja, mwanafunzi lazima atabiri kwanza, aandike kwenye daftari kwa peni, ndo tufanye jaribio. Bila kutabiri, jaribio linakuwa sinema tu, wanacheka, wanafurahi, wanatoka na mawazo yaleyale waliyoingia nayo.

Kwanza jua wanaamini nini

Mwanafunzi haji darasani akiwa mtupu. Amesukuma mkokoteni, amecheza mpira, amepanda bodaboda, kwahiyo ana fizikia yake kichwani ambayo imemfaa miaka yote, na hiyo fizikia inasema kitu kikienda lazima kuna nguvu inakisukuma, nguvu ikiisha kinasimama. Usimcheke kabisa. Hayo mawazo yana heshima yake, Yohana Philoponus, mwanafalsafa wa Alexandria, alitetea yanayofanana nayo karne ya 6, Jean Buridan wa Paris akayaendeleza karne ya 14, wote wakiamini mrushaji anaweka kitu fulani ndani ya jiwe ambacho kinalipeleka mbele. Walikuwa watu wenye akili sana, na ilichukua mpaka kina Galileo na Newton kuliweka sawa. Sasa wewe unataka mtoto wa miaka 15 aliache ndani ya kipindi cha dakika 40 kwa kunakili notisi ubaoni? Haiwezekani.

Kwahiyo kipindi cha kwanza mimi sifundishi kitu, nawauliza tu maswali yasiyo na namba. Mpira unapanda, unafika juu kabisa, unashuka, chora kani kwenye kila hatua tatu. Lori limegongana uso kwa uso na bodaboda, nani kampiga mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Kitabu kiko mezani kimetulia, kuna kani ngapi? Unasukuma kabati kwa mwendo uleule bila kuongeza wala kupunguza, kani yako ni kubwa kuliko msuguano au ni sawa nao? Wanaandika majibu, naokota karatasi, sisahihishi wala siwaambii jibu. Hizo karatasi natunza, tutazirudia mwisho wa mada wajionee wenyewe walivyobadilika.

Kuna ushahidi mkubwa nyuma ya hii njia, sio mimi nimeota. Mwaka 1992 kule Marekani Hestenes, Wells na Swackhamer walitoa jaribio la maswali ya kuchagua kuhusu kani, halina hesabu yoyote, linapima uelewa tu, na likaonyesha kwamba wanafunzi wanaofaulu hesabu vizuri wanaanguka kwenye maswali ya kawaida kabisa ya aina hii. Alafu 1998 Richard Hake akakusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000, akakuta madarasa ya mwalimu kuongea tu wanafunzi walivuka wastani wa asilimia 23 hivi ya pengo lililokuwepo kati ya walichokijua na alama zote, na madarasa ya kujadiliana na kushika vitu walivuka kama asilimia 48. Ni mara mbili! Na hapo nguvu kubwa haikuwa kwenye mashine za gharama, ilikuwa kwenye wanafunzi kubishana na kupata majibu papo hapo.

Momentamu kabla ya kani

Chukua chupa mbili za maji za lita 1.5, moja tupu, nyingine jaza mchanga. Ziviringishe mezani kwa kasi inayokaribiana, mwanafunzi azisimamishe kwa kiganja. Alafu chukua ileile ya mchanga, iviringishe taratibu, kisha kwa kasi. Uliza, ipi ilikuwa ngumu kuisimamisha na kwa nini? Watakwambia wenyewe, uzito wake na spidi yake, vyote viwili vinahesabika. Hapo sasa unaandika ubaoni momentamu ni masi mara kasi, p = mv, na haitakuwa kitu kilichoshuka kutoka mbinguni, wamekihisi mkononi.

Wape na hesabu ya haraka. Mwanafunzi wa kilo 50 anayekimbia mita 4 kwa sekunde ana momentamu 200, na pikipiki na dereva wake jumla kilo 200 ikitambaa mita 1 kwa sekunde nayo ina 200 ileile. Waache wabishane kidogo hapo, ni pazuri.

Alafu usiharakishe kwenye uelekeo. Hapa ndo wanafunzi wengi wanaumia na walimu wengi tunapita mbio. Mimi nachora mshale mrefu wa chaki sakafuni kutoka mlangoni kwenda dirishani, nasema huku ni chanya, kurudi mlangoni ni hasi, na huo mshale unakaa pale mada nzima. Kisha nauliza, mpira wa kilo 0.4 umeenda ukutani kwa mita 10 kwa sekunde ukarudi kwa mita 8 kwa sekunde, momentamu imebadilika kiasi gani? Karibu wote watasema 0.8, maana 4 toa 3.2. Sasa mpe mmoja atembee ule mshale, aende upande wa chanya, agongane na ukuta, arudi. Kwenda ilikuwa +4, kurudi ni −3.2, kwahiyo mabadiliko ni 7.2 na sio 0.8. Mtu akishaelewa kwamba kusimamisha mpira ni kazi moja na kuurudisha ulikotoka ni kazi nyingine juu yake, hatosahau alama ya kutoa maisha yake yote.

Na kama kuna mwalimu mwenzako anakushangaa kwa nini unaanza na momentamu, mwambie Newton mwenyewe mwaka 1687 alipoandika sheria ya pili hakuandika F = ma, alisema badiliko la mwendo linakwenda sawia na kani iliyotumika na linafuata uelekeo wa kani hiyo, na kwake kiasi cha mwendo kilikuwa masi na kasi kwa pamoja. Kuiandika kwa masi na mchapuko kulikuja na kina Euler karne ya 18. Kwahiyo hatujageuza chochote, tumerudi tu ilikoanzia.

Yai na khanga

Hili ndo jaribio langu namba moja, na kwa gharama ya yai moja au mawili sijui kuna kitu gani kingine kinachokupa mafanikio kama haya. Wanafunzi wawili warefu washike khanga pembe za juu, wawili wengine wachuchumae washike pembe za chini wakizivuta mbele na juu kidogo ili chini pawe na kama mfuko, bila hivyo yai litashika khanga vizuri alafu litadondoka sakafuni na somo lote linaishia hapo. Khanga isivutwe ikakaza, iachwe ilegee. Kabla ya kurusha kila mtu aandike, litapasuka au halitapasuka? Alafu mwite mrushaji mzuri wa darasa, arushe kwa nguvu zake zote, na msisitizie asiogope, maana akirusha kwa woga watasema halikupasuka kwa sababu alirusha taratibu.

Halipasuki. Darasa linalipuka kelele. Sasa lirushe yai lilelile kwenye ukuta wa nje (watu wa usafi waombe radhi mapema), na usitoe maelezo, uliza tu: yai lilelile, kasi ileile, mwisho wake ni lilelile yaani limesimama, sasa tofauti iko wapi? Subiri. Wape dakika mbili wazungumze wawiliwawili. Kuna mmoja lazima atasema khanga ilichukua muda. Huyo ndo kakufundishia sheria ya pili.

Weka namba. Yai la gramu 60 kwa mita 10 kwa sekunde lina momentamu 0.6. Ukutani na khangani zote linapoteza 0.6 ileile, hakuna ujanja hapo. Ukuta tuseme umelisimamisha kwa sekunde 0.005, gawanya 0.6 kwa 0.005 unapata 120 N, ni kama kuliwekea mzigo wa kilo 12. Khanga imelisimamisha kwa sekunde 0.1, unapata 6 N tu. Hapo andika ubaoni, kani ni badiliko la momentamu gawanya kwa muda. Na ukizidisha pande zote kwa muda unapata impalsi, kani mara muda, ambayo ni sawa na badiliko la momentamu, usiipe kipindi kizima cha peke yake. F = ma inatoka hapohapo kwa mistari miwili masi isipobadilika, waoneshe ilivyotoka.

Baada ya hapo mifano inakuja yenyewe, golikipa anarudisha mikono kifuani akidaka, shimo la mchanga pale mnaporukia long jampu, kukunja magoti ukiruka kutoka juu ya ukuta. Ila mmoja nataka ukae nao muda mrefu, helmeti ya bodaboda, kwa sababu hawa watoto wanapanda bodaboda kila siku na wengine wataziendesha. Kichwa cha kilo 5 hivi kinafika barabarani kwa mita 6 kwa sekunde, momentamu 30. Bila helmeti tuchukulie kinasimama kwa sekunde 0.002, hiyo ni 15,000 N. Ile foma nyeupe ndani ya helmeti ikiwa na unene wa sentimita 3 hivi inabonyea na kurefusha muda mpaka kama sekunde 0.008, kani inashuka mpaka 3,750 N. Leta helmeti moja darasani, wabonyeze ile foma kwa kidole, waelewe kwamba ganda gumu la nje peke yake haliongezi muda wa maana, kazi ni ya foma, kwahiyo helmeti iliyotolewa foma ili iingie vizuri kichwani, au iliyokwisha kupata ajali foma ikalala, imebaki pambo. Na mkanda usipofungwa inatangulia yenyewe, kichwa kinabaki. Hii ndo fizikia inayookoa mtu na mimi naisema kwa sauti kabisa.

Kila mshale uwe na mwenyewe

Kwenye michoro ya kani nina sheria moja tu. Ukichora mshale lazima uandike ni kani ya nani kwa nani. Dunia kwa mpira. Meza kwa kitabu. Sakafu kwa kabati. Huwezi kumtaja anayetoa kani, mshale unafutwa. Basi. Rudi sasa kwenye mpira unaopanda, yule aliyechora mshale wa juu muulize ni kani ya nani kwa mpira. Atasema ya mkono. Mkono umegusa mpira? Hapana. Basi futa. Kimebaki nini? Dunia kwa mpira, chini, na hewa kidogo. Sasa atauliza swali zuri kuliko yote, kama hakuna kani ya juu kwa nini unapanda? Na wewe una jibu tayari kwa sababu ulianza na momentamu: unapanda kwa sababu una momentamu ya kwenda juu uliyopewa na mkono, na Dunia inaipunguza kila sekunde mpaka inafika sifuri, alafu inaanza kuijaza upande wa chini. Kile mtoto alichokuwa anakiita nguvu ya mkono kipo kweli, ila jina lake ni momentamu, sio kani. Hapo hujamwambia ni mjinga, umempa mahali pa kuweka wazo lake. Hii ndo sababu kubwa kabisa ya mimi kugeuza mpangilio.

Sheria ya kwanza inaingia hapohapo, haina haja ya mbwembwe. Kama hakuna kani ya jumla, momentamu haibadiliki, kilichotulia kinatulia, kinachokwenda kinaendelea vilevile. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kuona kitu kinaendelea bila kusimama, kwa sababu ya msuguano, kwahiyo waoneshe msuguano ukipungua kinatokea nini. Chukua CD ya zamani, gundisha katikati yake kile kifuniko cha chupa ya maji cha kunyonya, pulizia puto, livishe kwenye kifuniko kikiwa kimefungwa, kisha fungua uiweke kwenye meza laini uisukume kidogo. Inateleza juu ya hewa inavuka meza nzima kwa mwendo uleule. Gundi ikae vizuri pembeni zote hewa isitoke, la sivyo inakwama.

Lori na bodaboda

Sheria ya tatu, kwamba ukikisukuma kitu nacho kinakusukuma kwa kani ileile kwa uelekeo wa kinyume, wote wanaiimba na hakuna anayeiamini. Anza na mizani mbili za springi, zishikanishe ndoano, mpe mmoja mwenye mwili mkubwa na mwingine mwembamba wavutane kila mtu asome yake. Kabla yake watabiri. Zitasoma sawa. Watabadilishana, watavuta kwa hila, mmoja atasimama tu mwingine avute, zitasoma sawa tu.

Ukitoka hapo rudi kwenye lori. Lori la kilo 10,000 na bodaboda na mtu wake kilo 200 wamegongana, kani ni sawa, muda wa kugusana ni uleule mmoja, kwahiyo mabadiliko ya momentamu ni sawa yakiwa na uelekeo tofauti. Sasa gawanya kwa masi. Lori likibadilika kasi kwa mita 0.5 kwa sekunde, dereva anashtuka kidogo, bodaboda inabadilika mita 25 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya kilometa 80 kwa saa kwa kufumba na kufumbua. Kani sawa, madhara sio sawa. Mwanafunzi anachanganya hivyo viwili, akiona bodaboda imesagika anadhani ilipigwa zaidi, na ukimtenganishia anatulia.

Angalizo moja hapa, kitabu mezani. Uzito wa kitabu na kani ya meza kwenda juu sio jozi ya sheria ya tatu, hata kama ziko sawa, maana zote mbili zinafanya kazi kwenye kitabu. Tumia ileile sheria ya mshale, Dunia kwa kitabu jozi yake ni kitabu kwa Dunia, geuza majina tu. Meza kwa kitabu, jozi yake kitabu kwa meza. Ukizoesha kugeuza majina hawakosei tena.

Tok moja au tok mbili

Kuhifadhiwa kwa momentamu nafundisha kwa masikio, na hili jaribio nalipenda kupita kiasi kwa sababu halihitaji saa wala umeme wala tika-taima (kile kifaa kinachopiga nukta kwenye utepe kupima muda) ambayo shule nyingi haina au ipo kabatini imekufa. Unahitaji troli mbili, vibao viwili vya mbao vyenye magurudumu yanayozunguka vizuri, fundi seremala na beringi ndogo chakavu wanatosha, kila moja gramu 500. Springi moja ya kubana isiyo ngumu sana, mafundi pikipiki wanazo kwenye makopo yao ya vyuma chakavu. Uzi, kiberiti, pakti za chumvi za nusu kilo, rula, na matofali mawili ya kuweka mwisho wa meza huku na huku.

Meza iwe sawa kabisa, weka gololi juu yake, ikitambaa weka karatasi chini ya mguu mmoja mpaka itulie. Zigusishe troli mbili na springi ikiwa imebanwa katikati, zifunge kwa uzi. Choma uzi, usiukate kwa mkasi maana mkono utazisukuma. Uzi unakatika, troli zinaachana, kila moja inaenda kugonga tofali lake. Sasa hapo ndo uzuri wote, zikigonga kwa pamoja unasikia tok moja, zikipishana unasikia tok-tok. Kama zimefika kwa pamoja, muda ni uleule, kwahiyo aliyekwenda umbali mara mbili alikuwa na kasi mara mbili. Umbali umekuwa kasi, hujapima sekunde hata moja.

Zikiwa sawa, tofali ziwekwe sentimita 30 na 30, tok moja. Sasa weka pakti moja ya chumvi juu ya troli moja, imekuwa kilo 1 dhidi ya nusu kilo. Watabiri, matofali tuyaweke wapi? Kuna watakaosema nzito itakwenda mbali kwa sababu ina nguvu, kuna watakaosema nyepesi itawahi, waache wasogeze matofali wenyewe wajaribu, darasa zima linakuwa kimya kusikiliza. Watafika kwenye 20 kwa 40. Ongeza pakti ya pili, kilo 1 na nusu kwa nusu kilo, watarukia 15 kwa 45 bila hata kuambiwa. Jedwali ubaoni, masi mara umbali upande huu, masi mara umbali upande ule, zinalingana kila safari ndani ya makosa madogo ya msuguano. Kabla ya kuchoma uzi momentamu ya jumla ilikuwa sifuri, baada ya kuchoma moja chanya moja hasi, jumla sifuri tena. Yule mshale wa chaki sakafuni unarudi kazini.

Magurudumu yakiwa mazito kuzunguka namba zitakataa, kwahiyo tia mafuta siku moja kabla na jaribu mwenyewe kwanza, hii sio ya kuigundua mbele ya darasa. Na umbali usiwe mrefu sana, msuguano ni kani ya nje na unakula momentamu taratibu, jambo ambalo ni la kuwaambia wazi kwamba kuhifadhiwa ni pale tu kani za nje zikiwa hazipo au ni ndogo za kupuuzwa.

Gololi zinafuata kwa wepesi. Panga rula mbili zikiacha mfereji, weka gololi tano zinazolingana zikigusana, piga kwa moja inatoka moja, piga kwa mbili zinatoka mbili. Siku moja mwanafunzi mkali atakuuliza, nikipiga kwa mbili kwa nini isitoke moja kwa kasi mara mbili, si momentamu ingelingana? Swali zito hilo, mpongeze mbele ya wenzake. Momentamu ingelingana kweli, ila nishati ya mwendo ingekuwa mara mbili ya iliyoingia, na hakuna aliyeileta hiyo ya ziada. Inatosha, mengine atayakuta kwenye mada ya nishati. Na mwingine atauliza mpira ukigonga ukuta momentamu inaenda wapi, mwambie ukuta umeshikana na jengo na jengo na Dunia, imeenda kwenye Dunia, na Dunia kwa masi yake ile haitikisiki kwa kiasi cha kuonekana.

Kwenye hesabu za kugongana nataka jedwali siku zote, safu ya kabla na safu ya baada, kila kitu na masi yake, kasi yake na alama yake. Anayeruka jedwali anakosea alama, karibu kila mara. Kwa mgongano wa kushikana bandika udongo wa mfinyanzi mbele ya troli, zitagandana zikaenda pamoja, masi zinajumlishwa, imekwisha.

Darasa la watu 70

Najua unasema hayo yote ni ya madarasa ya watu 20. Hapana, mimi nayaandika nikiwa na darasa lililojaa kichwani. Seti moja ya troli inatosha, iweke mbele, ila kutabiri na kubishana ni kwa wote, wawiliwawili walivyokaa kwenye dawati. Uliza swali, wapige kura kwa vidole bila kuongea, kidole kimoja jibu A, viwili B, wakigawanyika wape dakika mbili kila mtu amshawishi jirani yake, piga kura tena. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale chuo kikuu cha Harvard Marekani, alijenga ufundishaji wake wa fizikia juu ya hii njia ya wanafunzi kufundishana, na inafanya kazi vizuri tu hata kwenye darasa ambalo halina taa. Simu yako ya mwalimu, kama ina video ya mwendo wa pole, rekodi yai likizama kwenye khanga au mpira ukibonyea ukutani, kisha wapitie makundi kwa makundi waone.

Na waache wabishane kwa Kiswahili. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, sawa, dakika kumi za mwisho waandike hitimisho kwa Kiingereza na uwasahihishie sentensi, lakini kubishana kuhusu lori na bodaboda kwa lugha ambayo mtoto anaitafuta neno kwa neno ni kumfunga mdomo, na aliyefungwa mdomo hutajua anaamini nini.

Kwenye kutunga mtihani wako wa darasa, nusu ya maswali yasiwe na namba, na kwenye yale yenye mchoro toa alama kwa kila mshale wenye jina la mtoaji na mpokeaji, ukate alama kwa mshale usio na mwenyewe hata kama jibu la mwisho ni sahihi. Swali langu la kufunga mada ni la ngalawa: mvuvi wa kilo 60 amesimama ndani ya ngalawa, upande wa nyuma, ngalawa yenyewe ni ya kilo 120 iliyotulia majini, haijafungwa, anatembea kuelekea mbele kwa mita 1 kwa sekunde ukipima kutoka ufukweni. Ngalawa inafanya nini, kwa kasi gani, na akisimama ghafla inakuwaje? Chora kani zote za ulalo kati ya mvuvi na ngalawa wakati anaanza kutembea, maji tuyapuuze. Anayejibu nusu mita kwa sekunde kwenda nyuma, kisha akasema inasimama pale mvuvi anaposimama, na akachora mshale wa mvuvi kwa ngalawa na wa ngalawa kwa mvuvi kwa urefu sawa, huyo mrudishie ile karatasi yake ya kipindi cha kwanza ajisahihishe mwenyewe kwa peni nyekundu.